Ukuta Usiokunywa Maji

Kwa miaka kumi na mmoja nilimfahamu mama-mkwe wangu kwa kikohozi chake na kwa visigino vyake. Sura yake niliijua kutoka kwenye picha ya harusi tu, na humo ameinamisha kichwa. Visigino nilivijua vizuri zaidi, kwa sababu kila tulipokutana mimi ndiye niliyetazama chini. Ndivyo ilivyo katika familia ya mke wangu: mkwe na mama-mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali pamoja. Mkikutana kwenye njia nyembamba, wewe unaingia majanini upande mmoja, yeye anaingia upande wa pili, na njia inabaki tupu kama vile kuna nyoka katikati.

Mwaka wa pili wa ndoa tulitoa kuku na kitambaa ili turuhusiwe kusalimiana kwa mbali. Basi mimi nilisalimia, na yeye akajibu kupitia kwa binti yake: "Mwambie bwana yako, nimesikia." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote.

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari hapa Likasi. Watu huniita Prof, na nakiri kwamba jina hilo limeniharibu kidogo. Nimezoea kusimama mbele ya ubao na kuwa sahihi. Desturi ya ukwe niliifuata, lakini nyuma ya mgongo wa wazee niliicheka sana, hasa kwenye chumba cha walimu, ambako wote tunaicheka na wote tunaifuata.

Halafu mama-mkwe akaanguka. Anaishi peke yake huko upande wa Mulungwishi, na bafu lake lilikuwa ua wa majani nyuma ya nyumba, na jiwe bapa la kusimamia. Asubuhi moja ya mvua jiwe lilimtupa, akavunjika nyonga. Walimtibu hospitalini, wakamwekea chuma, na daktari akamwambia mke wangu maneno machache: mama huyu akianguka tena, hatatembea tena. Aogee ndani, mahali pakavu, akiwa amekaa kitini, na mtu awe karibu.

Mke wangu ndiye binti pekee. Aliporudi kutoka hospitali hakuketi hata kidogo. Alisimama mlangoni na mkoba wake begani.

"Papa, sikiliza," akaniambia. "Ao mama anakuya huku, ao minye naenda kule. Ya tatu haiko."

"Utaenda kwa muda gani?"

"Mpaka atatembea. Mwezi sita, mwaka, sijue. Weye na batoto mutabakia."

Nampenda mke wangu, na zaidi ya hapo sijui hata chumvi inakaa wapi. Nikasema kwa haraka: mama aje, hata kesho, tuna bafu ndani ya nyumba, tatizo liko wapi?

Tatizo lilikuwa kwamba katika bafu hilo nilioga mimi.

Mama-mkwe mwenyewe hakusema mengi. Alituma neno moja kwamba mambo ya kuogea yaulizwe kwa kaka yake, yaani mjomba wa mke wangu, anayekaa hapahapa mtaani kwetu Kikula na ambaye ndiye anayekata maneno yote ya ukoo. Mjomba ni mzee mfupi, nadhifu, mwenye kofia ya sufu hata wakati wa joto. Alikuja, akavua viatu, akaingia bafuni kwetu kama mkaguzi wa shule anavyoingia darasani, na mimi nikaanza kutoka jasho.

Bafu letu, tuseme ukweli, halikuwa la kujivunia. Nyumba niliijenga mwenyewe nikiwa kijana, kwa matofali mabichi ya udongo wa kichuguu, kama nyumba nyingi za mtaani kwetu. Kuta za bafu nilizipaka rangi ya mafuta ya kijani, na kwa chini rangi ilikuwa imevimba na kubanduka. Mjomba alichota maji kwa kiganja, akayabandika pale palipobanduka, akangoja. Maji yakapotea. Akafanya tena. Yakapotea tena.

"Unaona?" akasema. "Ukuta inakunywa."

"Kuta zote hunywa kidogo, mjomba."

"Bon. Weye unaoga, ukuta inakunywa maji ya mwili yako. Kesho mama anaoga, ukuta inamurudishia. Ni kama munaoga pamoja. Unasikia vile iko mubaya?"

Nilisikia, na nilitaka kucheka, lakini mke wangu alikuwa ananitazama. Nikauliza kama mwanafunzi: na je, ukuta ukiwa haunywi?

Mjomba alivua kofia, jambo ambalo hulifanya anapofikiri kwa kweli. "Kama haikunywe," akasema polepole, "haina kitu ya kubakisha. Unapanguza, inaisha. Njo kama hakuna muntu aliogaka pale." Akavaa kofia. "Weka karo. Nitarudia kuangalia. Kama haikunywe, mama atakuya, tutajaribu juma moya. Kama inakunywa, bibi yako anaenda."

Karo ndivyo tunavyoita vigae hapa kwetu. Nilimsindikiza mjomba hadi barabarani nikitabasamu, nikarudi nikiwa nimepandwa na hasira. Nilimwambia mke wangu kwamba katika miaka yote ya kufundisha sijawahi kusikia hoja ya namna hiyo. Akaniuliza kama nimeona kosa ndani yake. Nilifikiri mpaka chakula kikapoa. Ukikubali kwamba ukuta unakumbuka, yaliyobaki yote yanafuata vizuri kabisa, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Siku iliyofuata tulikwenda dukani. Mimi nilitaka vigae vyeupe. Mke wangu akakataa: "Minye sitaki mama aone kama anarudia ku hospitali." Nikaonyesha vyeusi, vinavyong'aa, vyenye mishipa ya dhahabu, kama vile vya ofisi za wakubwa. Akavitazama, akajiona humo tangu kichwa hadi viatu, akaniuliza taratibu kama nina akili. Mama yake amekataa hata kuoga mahali nilipooga, nami nataka kumzungushia vioo pande zote? Mwishowe tukachukua fayansi, vile vigae vyepesi vya ukutani, rangi ya maziwa, na ua dogo la waridi pembeni. Muuzaji akauliza kama kuta zetu zimetayarishwa. Nikamwambia kuta zangu najua mimi.

Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo ni mtu anayejiamini kwa hesabu tu anayeweza kulifanya. Niliwaza hivi: mjomba anataka ukuta usiopitisha maji. Rangi ya mafuta haipitishi maji. Kigae hakipitishi maji. Kwa hiyo kigae juu ya rangi ni kinga mara mbili. Kwa nini nibomoe kinga ya kwanza? Nilikoroga sima, yaani saruji, kama uji mzito, nikapaka, nikabandika, na kwa siku mbili ukuta mzima wa upande wa dirisha ukawa waridi tupu. Majirani waliletwa kuuona. Mke wangu alipitisha mkono juu yake akasema kwamba kumbe mwalimu naye anaweza kazi. Sijawahi kupewa sifa niliyoipenda kama ile.

Siku ya nne, asubuhi, nilikuwa nimejaa sabuni kichwani. Nilisikia sauti ndogo, "kra", kama mtu anayekunja karatasi. Nikafungua jicho moja. Ukuta wa waridi ulikuwa unaniinamia. Haukuanguka kigae kimoja kimoja, bali ulikuja mzima, taratibu, kama mlango unaofunguka kutoka juu, nami nikausimamisha kwa mikono miwili na tumbo. Nikaita. Mke wangu akaja, akafungua mlango, akaniona uchi, mwenye povu, nimekumbatia bafu.

"Shikilia," akasema, akaenda kutafuta kitambaa cha kunifunika kabla ya kuita majirani. Hakurudi haraka. Nilimsikia akicheka jikoni, anajaribu kunyamaza, anashindwa, anaanza upya. Sabuni ilikuwa inaniingia machoni. Mwishowe mikono ikachoka na waridi zote zikamwagika sakafuni. Nyuma ya kila kigae ilikuwa imeng'ang'ania ngozi ya rangi ya kijani, laini, nzuri, bila hata chembe ya ukuta.

Ndipo tukaita fundi. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyewahi kubandika vigae kwenye nyumba za wafanyakazi wa migodi huko Kakanda, na magoti yake yalikuwa magumu kwa kazi. Aliokota kigae, akakigeuza, akaikuna ile rangi kwa ukucha. Kisha akaniangalia kwa huruma.

"Prof, nani alikuambia unabandika karo juu ya rangi ya mafuta?"

"Rangi hiyo haipitishi maji," nikajibu.

"Njo ile! Haipitishe maji, haipitishe na sima. Sasa karo itashika ku nini? Ku maombi?"

Alitoa uzi wenye nati iliyofungwa mwishoni, akauning'iniza kutoka darini. Kwa juu uzi uligusa ukuta. Kwa chini, kati ya nati na ukuta, niliweza kuingiza vidole vyangu vinne, na fundi alinilazimisha niviingize. Akaenda kwenye kona, akaweka kipande chake cha mbao chenye pembe mraba, yaani angle droit. Kona ilikuwa imefunguka kama kitabu.

"Hii nyumba nani alijenga?"

"Mimi."

"Na ni weye unafundisha batoto angle droit?"

Nina wanafunzi mia kadhaa waliotoka mikononi mwangu, na namwomba Mungu kwamba hakuna aliyekwenda kuwa mjenzi.

Kazi ya kutayarisha ukuta, nilivyoiona, ni kazi ya kuuharibu kwa uangalifu. Tulikwangua rangi yote mpaka vidole vikauma. Tulichimba kwa patasi na nyundo mpaka matofali ya kichuguu yakatokea, mekundu, na vumbi lake likatua kwenye sufuria, kwenye Biblia ya mke wangu, kwenye madaftari ya mitihani. Fundi alipiga ukuta kwa mpini wa nyundo akisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua, na kila palipolia kama debe tupu alipabomoa. Halafu akasema udongo peke yake hautabeba vigae. Lazima tupigilie wavu wa waya, na misumari ipitishwe kwanza kwenye vizibo vya chupa za bia, ili vichwa vyake visipenye wavu.

Sasa nyumbani kwetu hakuna anayekunywa bia. Mke wangu ni mwimbaji kanisani, tena kanisa la watu wanaopiga magoti kwa sauti. Basi mimi ndiye niliyepita baa za Kikula saa kumi jioni, mwalimu mzima na koti, nikiokota vizibo chini ya meza za watu. Kwenye baa ya tatu nilikutana uso kwa uso na shemasi wa kanisa letu. Mimi nilikuwa nimeinama na mfuko wa vizibo, yeye alikuwa amekaa na chupa zenyewe. Tulitazamana. Akanyanyua mguu ili niokote kilichokuwa chini ya kiatu chake, nami nikamshukuru, na mpaka leo hakuna kati yetu aliyesema neno.

Wavu ukapigiliwa. Fundi akarusha sima na mchanga kwa mwiko, pa, pa, pa, ukuta ukabaki na mabonge kama ngozi ya mamba, na akanikataza kuulainisha. Baadaye akaja na tabaka la pili, akalinyoosha kwa ubao mrefu mpaka uzi wake ukaridhika. Kisha akaondoka, akaniachia amri ya kuumwagia ukuta maji asubuhi na jioni juma zima, usije ukakauka upesi na kupasuka. Niliumwagia ukuta maji kama mtu anayemwogesha mgonjwa. Tuliogea jikoni, kwenye beseni, kwa zamu. Huko Mulungwishi, alikorudishwa kutoka hospitali, mama-mkwe alishinda kitandani, jirani akimsaidia kuinuka, na kila jioni mke wangu alipiga simu, kisha akakunja nguo chache na kuzipanga pembeni mwa kitanda. Nguo zilikuwa zake. Nilijifanya sizioni.

Siku ya kubandika, mjomba akatokea bila kuitwa. Tulikuwa tumenunua fayansi nyingine, ileile ya waridi, na fundi alikuwa anaitumbukiza kwenye beseni la maji kabla ya kuibandika, kama inavyotakiwa. Mjomba akainama juu ya beseni. Kutoka nyuma ya kila kigae vilikuwa vinapanda vipovu vidogo, vingi, pamoja na sauti ya chini, "sss".

"Inafanya nini?" akauliza.

"Inakunywa, muzee," fundi akasema kwa moyo mweupe. "Lazima ikunywe kwanza, ju isikunywe maji ya sima."

Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, mjomba alikuwa ametoa kigae kikavu kwenye boksi, amekigeuza, na ameubandika ulimi wake mgongoni mwa hicho kigae. Ulimi ukanasa. Alituangalia sisi sote, kigae kikining'inia mdomoni, na ikabidi akibandue kwa mkono.

"Imeshika lulimi yangu," akasema. "Karo yenye inakunywa mate ya muntu, haiwezi kusahau muntu."

Fundi alimweleza kwamba ni mgongo ndio unaokunywa, uso umepakwa kioo. Mjomba akauliza kama uso na mgongo si vya kigae kimoja. Fundi akanigeukia mimi, msomi. Nilipiga teke beseni, nikaumia kidole, nikasema kwa sauti ambayo nasikia ilifika hadi kwa jirani wa tatu kwamba mimi sijengi kanisa kuu, najenga bafu, na kwamba huyo mama-mkwe abaki huko huko na desturi zake.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Hakukasirika, na hilo lilinitisha zaidi. Alichukua mwavuli uliokuwa umetundikwa nyuma ya mlango, akasema: "Twende ku duka. Sisi bote."

Kwa hiyo dukani tuliingia watu wanne: mimi nikichechemea kwa kidole, fundi, mjomba, na mke wangu na mwavuli. Fundi akaomba vigae vya gre, vile vizito, vigumu, ambavyo vimechomwa mpaka havina pa kuingizia maji mbele wala nyuma. Muuzaji akapanga sampuli juu ya meza. Mjomba akachukua cha kwanza, akakigeuza, akakilamba.

"Muzee, hapana!" muuzaji akapiga kelele. "Karo habalambake!"

"Ya kufuata," mjomba akasema.

Alilamba cha pili na cha tatu. Wateja wakaanza kukusanyika. Bibi mmoja aliyekuja kununua bomba aliuliza kama ni dawa. Kwa kigae cha nne mjomba alikaa sana, akabadilisha upande, akarudi mgongoni, na ulimi ukateleza bure. Akatikisa kichwa kwa heshima. "Hii," akasema, "haitake muntu."

Wakati huohuo mke wangu alikuwa ameomba vigae vya sakafu vitandazwe chini, vimwagiwe maji na kupakwa sabuni. Alivua viatu, akaukamata mwavuli kama fimbo, akauvuta mguu mmoja nyuma, akatembea. Watu walicheka, na mimi nilianza kucheka nao. Halafu nikaona jinsi alivyokuwa akitembea. Hakuwa akiigiza mtu yeyote. Alikuwa akitembea kama mama yake alivyotembea hospitalini, hatua kwa hatua, mdomo umebanwa, akipima kila mahali mguu utakapotua. Aliteleza kwenye kigae cha kwanza. Aliteleza kwenye cha pili. Kwenye cha tatu, chenye uso wa kukwaruza, alisimama imara, akaukandamiza mwavuli kwa uzito wake wote, na haukusogea. Aliinua macho, yamejaa machozi, akaniambia, "Hapa hataanguka." Niliona aibu kwa yote niliyosema asubuhi ile, na nikamwambia hivyo palepale, mbele ya watu wa mabomba.

Kigae kile cha mjomba kilipatikana kwa rangi moja tu, rangi ya udongo mkavu. Fundi alikibandika kwa kole, gundi ya unga inayouzwa kwa mifuko, kwa sababu kigae kisichokunywa hakishikwi na sima. Siku tatu alipiga magoti, akiacha kati ya vigae nafasi ndogo zilizo sawa, akizijaza baadaye na kuzipanguza. Alipomaliza, bafu letu lilikuwa limenyooka, linang'aa kidogo, na lilifanana kabisa na ukuta wa kichuguu usiopakwa rangi. Tulikuwa tumefanya kazi mwezi mzima ili kurudi pale nilipoanzia nikiwa kijana.

Mjomba akaja kukagua. Alimwaga ndoo nzima ukutani, akakaa kwenye kigoda, akangoja. Alipanguza kwa kitambaa chake cheupe. Alichungulia zile nafasi za kati, akanusa, na nilimwona fundi akiacha kupumua mjomba alipotoa ulimi. Alilamba nafasi moja, kwenye kona. Kisha akavua kofia.

"Mama akuye," akasema. "Juma moya. Tutaona kama moyo yake itatulia."

Aliletwa Jumamosi kwa teksi, na mfuko mmoja mdogo. Nilisimama nyuma ya nyumba mpaka alipoingizwa. Nilisikia fimbo yake kwenye sakafu, kikohozi chake, mlango wa bafu, maji. Alikaa humo muda mrefu. Mke wangu alitoka akanitafuta nyuma ya nyumba. "Ameoga mwenyewe," akanong'ona, na tukashikana mikono kama watoto waliofaulu mtihani.

Asubuhi ya Jumatatu nikachukua taulo langu, nikaenda kuoga kabla ya shule. Nilifungua mlango. Kulikuwa na kiti chake cha plastiki, na sabuni yake kwenye kibakuli. Sakafu ilikuwa bado na unyevu. Kuta zilikuwa kavu, safi, hazikubakisha chochote, kama tulivyokubaliana. Nilijiambia hivyo. Nikajieleza hoja yote tangu mwanzo, mstari kwa mstari, na haikuwa na kosa. Mguu wangu ukakataa kuvuka kizingiti.

Nilisimama pale mpaka nikachelewa. Mimi, niliyeicheka desturi hii kwa miaka kumi na mmoja, nilikuwa nimeona haya mbele ya kiti cha plastiki. Niliporudi kutoka shuleni nilichimba mashimo manne nyuma ya nyumba, upande ule ambako maji ya bafu hutokea, nikasimamisha miti, nikafunga majani. Mke wangu alinitazama kutoka dirishani, mabega yake yakitikisika kwa kicheko.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikioga nje, kwenye ua wa majani, juu ya jiwe. Ni baridi kali Likasi mwezi wa sita. Ukuta wa bafu ndio upande wa nne wa ua wangu, na juu yake kuna matundu ya kupitishia hewa. Yeye huoga saa kumi na mbili na nusu, na mimi, kwa sababu ya shule, saa hiyohiyo.

Siku ya sita, siku moja kabla ya mjomba kuja kumwuliza kama atabaki, nilikuwa najipaka sabuni nikisikia maji yake upande wa pili. Maji yakanyamaza. Kikohozi. Nikanyamaza na mimi, kama ilivyo adabu.

"Mukwe," sauti ikasema kupitia matundu.

Nilitazama pande zote. Hakukuwa na mtu wa kupokea maneno yale badala yangu. Mke wangu alikuwa jikoni, nilimsikia akisugua sufuria. Hatukuonana, ukuta ulikuwa katikati yetu, mnene, umenyooka, haunywi kitu, na nadhani ndio maana aliweza.

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Kule inje, jiwe yako haiteleze?"

"Hapana, mama. Naangalia."

"Uangalie sana." Akakohoa. "Kesho utume muntu ku Mulungwishi. Alete sanduku yangu, na ile mito yangu mbili. Na nyumba afunge."

"Ndiyo, mama. Nitamtuma leo."

Maji yakaanza tena upande wake. Nilifurahi mpaka nikasahau kujimwagia yangu, nikajifuta, nikavaa, nikaenda kutafuta mtu wa kumtuma, na nilifika darasani na povu limekauka masikioni.